Lincoln alipigania watumwa au alipigania Muungano? Mi naona swali lenyewe ndo lina shida

Ukianzisha mjadala wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ile ya 1861 mpaka 1865 ambapo majimbo ya Kusini yalijitoa na Kaskazini ikapigana kuyarudisha, hazipiti dakika kumi lazima atokee jamaa na ile barua ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani wa wakati huo. Anayo kwenye simu tayari, anabandika tu. Ni barua ya tarehe 22 Agosti 1862 aliyomwandikia Horace Greeley, mhariri wa gazeti kule New York, na humo kasema bila kuficha kwamba anachotaka ni kuuokoa Muungano, yaani Marekani ibaki nchi moja, kama angeweza kuuokoa bila kumwachia huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo, na kama ingebidi awaachie wote angewaachia wote. Jamaa akishabandika hapo anakunja nne, kwake yeye kesi imekwisha, vita haikuwa ya utumwa na tuliosoma shuleni tumedanganywa.

Barua siibishii, kaandika mwenyewe. Ila siku anaiandika tangazo la kuwaachia watumwa alikuwa nalo tayari, rasimu kawasomea mawaziri wake mwezi mzima nyuma, tarehe 22 Julai, wakamwambia subiri kwanza jeshi lishinde mahali, tukilitoa sasa hivi tutaonekana mfa maji anatapatapa. Ushindi ukaja kwenye pigano la Antietam, Maryland, tarehe 17 Septemba, ushindi wenyewe wa kusuasua na damu imemwagika balaa, lakini ulitosha, siku tano baadaye tangazo likatoka. Kwa hiyo mi ile barua naisoma kama mwanasiasa anayepima joto la maji. Alikuwa anaongea na wazungu wa Kaskazini waliokuwa radhi mtoto wao afe kwa ajili ya nchi ila sio kwa ajili ya mtu mweusi, na hao walikuwa wengi.

Tena hapo nawapa haki yao kabisa wanaosema Kaskazini haikwenda vitani kumkomboa mtu. Julai 1861 Bunge lao lilipitisha azimio kwamba lengo la vita ni kuurudisha Muungano, sio kugusa taratibu za ndani za majimbo, na kila mtu alijua taratibu hizo ni zipi. Kulikuwa na majimbo manne ya utumwa ambayo hayakujitoa, Delaware, Maryland, Kentucky na Missouri, Lincoln alikuwa anaenda nayo kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ndo maana tangazo lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1863 liliyaruka, likawaachia watumwa wa maeneo ya waasi, yaani kulekule ambako kwa sehemu kubwa amri yake ilikuwa haifiki! Na Julai ya mwaka huohuo New York wakaingia mtaani kupinga kuandikishwa jeshi (tajiri alikuwa anaweza kulipa dola 300 akabaki nyumbani), hasira zikaishia kwa watu weusi, wakauawa mitaani na kituo cha watoto yatima weusi kikachomwa moto. Hawa ndo wakombozi wenyewe.

Sasa kosa la jamaa wa barua ni moja tu, anadhani akishathibitisha Kaskazini haikupigania watumwa basi kathibitisha vita haikuhusu utumwa. Vita ina pande mbili bana. Aliyevunja nyumba na aliyezuia isivunjwe sio lazima wawe na sababu moja, na aliyevunja ni Kusini, South Carolina wamejitoa tarehe 20 Desemba 1860 wakati Lincoln hata hajaapishwa, mpaka anaapishwa Machi yameshaondoka majimbo saba, halafu Aprili wao ndo wakaanza kuipiga mizinga Sumter, ngome ya serikali kuu. Basi tumuulize aliyeondoka, kwa nini umeondoka?

Na walijibu kwa maandishi. Mississippi kwenye tamko lao la kujitoa hawakuzunguka, walisema msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Alexander Stephens, makamu wa rais wa Shirikisho, nchi mpya waliyoiunda hao waliojitoa, alisimama Savannah tarehe 21 Machi 1861 akasema jiwe la msingi la serikali yao ni ukweli kwamba mweusi hayuko sawa na mzungu, na utumwa ndo hali yake ya asili. Nini tena unatafuta?

Kuna wanaosema hapana, ilikuwa ni haki za majimbo, serikali kuu ilikuwa inawaonea. Haya, mwaka 1850 watu haohao wa Kusini ndo walioisukuma sheria ya kuilazimisha serikali kuu iingie mpaka ndani ya majimbo ya Kaskazini kukamata watumwa waliotoroka, liwe jimbo linataka au halitaki. Na walipoandika katiba yao mpya wakapiga marufuku sheria yoyote ya kugusa haki ya kumiliki mtumwa. Haki za majimbo zilikuwa tamu pale tu zinapolinda mali, na mali yenyewe ilikuwa watu karibu milioni 4, thamani yao kwa hesabu za wakati ule ilipita reli na viwanda vyote vya Marekani ukivijumlisha. Hakuna anayeachia utajiri wa namna hiyo kwa kuhubiriwa. Lincoln mwenyewe 1862 alijaribu kuyaambia yale majimbo manne wachukue fidia waachie taratibu, wakakataa, hata Delaware iliyokuwa na watumwa kama elfu mbili hivi tu ilikataa.

Na utajiri huo ulifika mpaka huku kwetu. Merikani, kile kitambaa cha pamba walichovaa babu na bibi zetu pwani na bara, jina lake linasema lenyewe kilikotoka. Pamba ililimwa na watumwa Kusini, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, Kaskazini hukohuko kwenye watu wa kupinga utumwa, wafanyabiashara wa Salem, mji wa hukohuko Massachusetts, wakaileta Zanzibar, misafara ikaibeba bara ikanunulia pembe za ndovu na watumwa wengine. Vita ilipoanza merikani ikaadimika, Waingereza na Wahindi wakaingia na vitambaa vyao, biashara ya Wamarekani Zanzibar ikapata pigo kubwa. Kwa hiyo mtu akiniambia Kaskazini mikono yao ilikuwa misafi nacheka tu.

Hoja pekee ya Kusini inayonifanya nifikirie ni hii, kwamba katiba haikusema popote kuwa jimbo haliruhusiwi kujitoa, na Wamarekani wenyewe walijitoa kwa Mwingereza wakisema serikali hupata mamlaka kwa ridhaa ya watawaliwa. Hii ina uzito, na mahakama kuu yao ilikuja kusema kujitoa ni batili mwaka 1869, bunduki zimeshanyamaza, yaani aliyeshinda ndo alipewa haki. Mi hapo nilikuwa nakwama zamani. Mpaka nikaiona sensa ya 1860. South Carolina watumwa walikuwa asilimia 57 ya watu wote, Mississippi 55. Sasa tukisema "wananchi wa South Carolina waliamua kujitoa" tunamaanisha wananchi gani? Zaidi ya nusu ya waliokuwa wanaishi pale hawakuulizwa, na wangeulizwa jibu tunalijua. Ridhaa ya watawaliwa ikifia hapo, hoja nayo inakufa.

Halafu kitu ambacho pande zote mbili za huu ubishi wanakisahau ni kwamba watumwa wenyewe hawakukaa kusubiri Lincoln amalize kupima maji yake. Mei 1861, vita haijamaliza hata miezi miwili, vijana watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walipiga makasia usiku wakaingia ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la Muungano. Kesho yake akaja mtu wa bosi wao na bendera nyeupe kuwadai, eti sheria ya watumwa watoro inasema warudishwe. Jenerali Butler, mkuu wa ngome hiyo, alikuwa wakili, akamwambia si mnasema Virginia sasa ni nchi nyingine, basi sheria yetu haiwahusu, na kama hawa ni mali na mlikuwa mnawatumia kujenga ngome za vita basi mi nateka mali ya adui. Habari ikasambaa, wakaanza kuja kumi, mia, mwisho maelfu, na jeshi likalazimika kuamua kitu ambacho wanasiasa walikuwa wanakikwepa. Karibu weusi 180,000 waliishia kuvaa sare za jeshi la Muungano. Hapo mambo mawili yakawa moja, huwezi tena kuuokoa Muungano kwa jasho la hawa watu halafu uwarudishe kwa bwana wao.

Muungano ulipona, utumwa ukafutwa kwenye katiba Desemba 1865, na 1877 Kaskazini ikaondoa askari wa mwisho waliokuwa wanawalinda weusi wa Kusini, wazungu wakapatana, hadithi ya haki za majimbo ikaanza kunoga, 1890 Richmond, uliokuwa mji mkuu wa Kusini wakati wa vita, wakamsimamishia sanamu jenerali Lee aliyeongoza jeshi lao, sanamu iliyokaa mpaka 2021.

Ila Lincoln wa barua aliongea tena. Tarehe 4 Machi 1865, anaapishwa mara ya pili, kabakiza wiki sita za kuishi, alisema watumwa walikuwa ni maslahi makubwa na wote walijua kwamba maslahi hayo, kwa namna moja au nyingine, ndo chanzo cha vita. Hotuba fupi sana hiyo, haimalizi dakika kumi, nayo inaenea kwenye simu vizuri tu.