Hilo Jino Mnaloliita la Nailoni

Mpaka leo hapa Tanga, mtoto akiharisha na homa ikapanda, hakosekani wa kumpanua kinywa, kupapasa fizi na kutoa hukumu: "Huyu ana meno ya nailoni." Inatafutwa spoku ya baiskeli ya kuyachokoa, eti ndiyo yanayomuumiza. Spoku, jamani, kwenye fizi ya mtoto wa miezi minne!

Ushahidi wao ni kitu cheupe, laini, eti funza. Laini ni kweli. Kingekuwaje kigumu? Taji, yaani sehemu ya juu, ya chonge la utotoni huanza kupata madini mtoto akiwa bado tumboni, hukamilika kwenye mwezi wa 9 hivi baada ya kuzaliwa, na jino huchomoza kati ya miezi 16 na 20. Mnachokichokoa ni jino ambalo bado linajengwa.

Na kazi yenyewe si ndogo. Odontoblasti, seli zinazojenga dentini (sehemu ngumu ya ndani ya jino), huanza kwa kutoa vifuko vya nanomita 100 hivi. Kwenye utando wa kifuko kuna kimeng'enya, alikalini fosfatesi. Hiki huvunja pairofosfeti, ambayo huzuia madini yasigande, na kuacha fosfeti. Fosfeti na kalisi zikikutana ndani ya kifuko, fuwele za kwanza hutokea, hutoboa utando na kuenea kwenye kolajeni, nyuzi za protini zinazoshika madini. Mtoto aliyezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho huweza kudondosha meno ya utotoni mapema, mizizi ikiwa mizima.

Enameli, ganda gumu la nje ya jino, ina njia yake, bila vifuko hivyo. Ameloblasti, seli zinazoijenga, hutandaza protini, sehemu kubwa ikiwa amelojenini. Kimeng'enya MMP20 huikatakata mapema. Baadaye kimeng'enya kingine, KLK4, huondoa mabaki ili fuwele zinenepe, hadi madini yawe asilimia 96 hivi ya uzito. Kabla ya hapo enameli ni chaki tu, inakwanguka. Huyo ndiye funza wenu.

Haya, wapo wanaopona baada ya kung'olewa. Kuharisha kwingi huisha kwenyewe, spoku ikapata sifa za bure. Anayelipa ni chonge la ukubwani, linaloanza kupata madini kwenye mwezi wa 4 au wa 5, jirani kabisa na hapo penye spoku: huota na mashimo, huota kombo, au halioti. Pepopunda na kuvuja damu hata sijagusa.

Mpeni ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji; someni pakiti, nyingi ni za lita 1 ya maji safi, na msiikoleze, chumvi itamzidi. Zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6, 20 kwa aliyezidi. Aendelee kunyonya. Homa, kapimeni malaria. Macho yakizama au akishindwa kunyonya, zahanati usiku huohuo.