Kibofu Kilichozaliwa Wazi: Kifungwe Mara Moja au Kisubiri?

Mtoto anayezaliwa na kibofu cha mkojo kilicho wazi hujulikana pale pale anapotoka tumboni: chini ya kitovu pana utando mwekundu, wenye unyevu, na mkojo unachuruzika juu yake bila kukoma. Kasoro hii ni adimu. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 30,000 hadi 50,000, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana, na huambatana na mifupa ya kinena iliyoachana. Kwamba upasuaji unahitajika hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye wakati wake.

Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kukifunga ndani ya saa 72 za kwanza, na hoja yake ina mashiko. Siku hizo nyonga ya mtoto bado ni laini kutokana na homoni za mama, hivyo mara nyingi mifupa ya kinena huweza kuvutwa ikakutana bila kukatwa. Tena, utando wa kibofu haukuumbwa kukaa hewani. Ukiachwa huvimba na kuota vinyama.

Wanaotetea kusubiri wiki kadhaa, hata miezi, hawayakani hayo. Wao hutazama kichanga wa siku mbili anayepewa nusu kaputi katika hospitali ambayo pengine haijawahi kupokea mtoto wa namna hiyo. Akisubiri, hunyonya, huongezeka uzito na kufikishwa kwa timu yenye uzoefu, na kibofu kilicho kidogo mno kushonwa hupata muda wa kukua. Gharama yake ni kwamba kwa kawaida mifupa ya nyonga italazimika kukatwa, kisha mtoto alazwe wiki kadhaa bila kuachiwa kuchezesha miguu.

Kwa maoni yangu, saa 72 zilipewa uzito uliostahili kupewa mshono wa kwanza wenyewe. Ukifumuka, kurudia kunawezekana, lakini uwezekano wa mtoto kuja kujizuia mkojo hupungua sana, na huenda akahitaji kuongezewa kibofu kwa kipande cha utumbo na kutoa mkojo kwa katheta, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye kibofu, maisha yake yote. Haraka ya mpasuaji asiye mzoefu hailipi hasara hiyo. Hata hivyo, kusubiri bila timu wala tarehe iliyopangwa ni kuahirisha tu, na hapo hoja ya wenye haraka hurudi na nguvu zake zote.

Kusubiri nako kuna kazi yake. Kitovu hufungwa kwa uzi, si kwa kibanio cha plastiki kinachokwaruza utando; kibofu hufunikwa kwa nailoni nyembamba, si shashi inayogandamana nacho, na huoshwa kwa maji ya chumvi ya hospitali kila nepi inapobadilishwa. Mzazi asipofundishwa hayo kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mtoto hurudi akiwa na utando uliochubuka, na faida iliyotarajiwa imeshapungua.