Dawa ya akili na kilo zinazopanda: ni histamini peke yake?

Tangu mdogo wangu aanze olanzapini, dawa ya ugonjwa wa akili, sauti zimemuacha na usiku analala. Tunashukuru. Ila anamaliza bugali na sambaza, na saa moja haijapita amefunua tena sufuria. Hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, Mama ameshafumua mishono ya suruali zake mara mbili.

Watafiti wengi wananyooshea kidole kipokezi cha histamini kiitwacho H1. Histamini ni kemikali ya mwili inayobeba ujumbe, kipokezi ni kama mlango wa seli unaoupokea, na dawa hizi zikinata hapo huuziba mlango. Mwaka 2003 zililinganishwa dawa kadhaa za aina hii na namna zinavyonata kwenye vipokezi mbalimbali, na H1 ndicho kilichoendana zaidi na kuongezeka kwa uzito. Klozapini na olanzapini hukinata sana, nazo ndizo zinazonenepesha kupita nyingine. Mwaka 2007, huko Baltimore, panya waliopewa klozapini waliamshwa kimeng'enya AMPK, kinachochochea hamu ya kula, katika hipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia njaa. Panya waliozaliwa bila H1 hawakupatwa na hilo. Kwangu huo ni ushahidi mzito.

Lakini hautoshi. Panya wasio na 5-HT2C, kipokezi cha serotonini (kemikali nyingine ya ubongo), nao hunenepa, kwa hiyo hicho pia kinashukiwa. Sasa ziprasidoni, dawa nyingine ya aina hii, inakinata barabara, na wanaoimeza huongezeka kidogo tu! Halafu kuna utafiti wa Ulaya uliotoka 2008, uliofuatilia kwa mwaka mzima watu walioanza kuugua: olanzapini iliongeza wastani wa kilo 13.9, haloperidoli, dawa ya zamani zaidi, kilo 7.3. Haloperidoli haishiki H1 kwa nguvu. Kilo hizo saba zilitoka wapi? Nadhani nyingine ni hamu ya kula inayorudi mtu akipata nafuu, na dopamini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huizuia, nayo ina mkono wake.

Ndiyo maana sikubaliani na jirani anayesema turudi kwenye haloperidoli kwa sababu "hainenepeshi". Mdogo wangu alishaimeza. Taya lilikakamaa, kijiko kikawa kinatetemeka, mchuzi unamwagika kifuani kabla haujafika mdomoni, naye akawa anakula peke yake chumbani kwa haya. Haloperidoli hunata kwa nguvu kwenye vipokezi vya dopamini, na hilo lina bei yake, na mizani haiionyeshi.

Jumamosi tunampeleka kupimwa kilo. Nitamuuliza munganga kuhusu metformini, dawa ya kisukari ambayo imeonekana kupunguza sehemu ya uzito huu, wala haigusi H1.