Andika tu, jamani!

Kuna watu wakitaka kuuliza kikao ni saa ngapi, hawaandiki. Wanarekodi sauti. Dakika nne nzima: anakohoa, anajibizana na mtu aliye pembeni, "eee, nilikuwa nasema nini vile?", anasimulia foleni, kisha swali lenyewe linakuja mwishoni kabisa, na hapo hapo upepo unavuma, husikii kitu. Rudia tena kuanzia mwanzo.

WhatsApp walileta ujumbe wa sauti mwaka 2013, na 2021 wakatuwekea kitufe cha kuharakisha hadi mara 2. Ninakitumia sana. Ila mpiga porojo akiharakishwa hapungui maneno, anakuwa tu kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Kinachoniudhi zaidi ni namba ya akaunti kutajwa kwa mdomo. Tarakimu zote hizo, mbio mbio! Wiki ijayo nikiihitaji nitaitafutaje? Maandishi unatafuta kwa neno moja tu. Sauti unafungua moja moja, zote zinafanana kwa sura.

Bibi asiyeona vizuri maandishi madogo arekodi mpaka achoke, nitamsikiliza kwa raha. Nawasema nyinyi wenye vidole kumi vizima, mmekaa kwenye kochi. Mimi niko ndani ya basi, hedifoni sina, na mnataka habari za ndoa yenu zisikike mpaka kwa kondakta?

Na yule anayerekodi sekunde mbili kusema "sawa"? Huyo hata sijui nimwambie nini.