Ndege tunanunua, mafundi tunakodi

Mimi ni mtoto wa Bukavu, mashariki mwa Kongo (DRC), na kwetu ukitaja ndege za serikali, wakubwa hunyamaza kwanza. Februari 17, 1997, ndege za jeshi la Zaire, jina la Kongo wakati huo, zilidondosha mabomu juu ya mji wetu, uliokuwa mikononi mwa AFDL, waasi wa Laurent Kabila, tangu Oktoba 1996. Wakafa raia. Siku hizo Rais Mobutu alikuwa ameleta mamluki Waserbia Kisangani pamoja na ndege zao. Machi 15 Kisangani ikatekwa, na mamluki wakawa wameshaondoka zao.

Karibu miaka 37 ya uhuru, na bado tulikuwa tunakodi watu wa kuturushia ndege. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiisoma historia ya jeshi letu la anga.

Mambo yalianza hivyohivyo. Katika vita dhidi ya waasi wa Simba, miaka ya 1964 na 1965, ndege aina ya T-28 na B-26 zilirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, mshahara wao ukitoka CIA, na mafundi wakatafutwa Ulaya. Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwaka 1965, Wakuba wake huku milimani Fizi wakawa wanashambuliwa na Wakuba wenzao kutoka angani.

Mobutu alinunua kwelikweli: MB-326 za Italia, Mirage 5 za Ufaransa, C-130 za mizigo za Marekani. Mwaka 1983 alipeleka hata Mirage Chad kumsaidia Hissène Habré. Lakini Mirage hudai vipuri na fundi kila siku, na hazina ya Zaire ilipokauka, zikabaki zimeegeshwa.

Iliyotufaa hasa ni C-130. Mei 19, 1978, askari wa miamvuli wa Ufaransa waliporuka juu ya Kolwezi, mji wa migodi wa kusini uliotekwa na waasi, C-130 za Zaire zilikuwa miongoni mwa ndege zilizowabeba kutoka Kinshasa. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3, na barabara ya kukutoa Kinshasa mpaka Bukavu hakuna ya kutegemea. Hapa ndege ya mizigo ndiyo barabara yenyewe. Adui alilijua hilo kuliko sisi: Agosti 1998 waasi na Wanyarwanda walijitwalia ndege za abiria Goma, wakaruka mpaka kambi ya jeshi ya Kitona, upande wa pili wa nchi. Kinshasa ikaokolewa na Angola na Zimbabwe.

Tukarudia tena. Tukanunua Su-25 kutoka Georgia; moja ikaanguka Kisangani Juni 30, 2007, siku ya sherehe za uhuru, rubani akafa. Vita vya waasi wa M23 viliporudi huku mashariki, matengenezo ya ndege yakapewa kampuni ya kigeni. Zikaja droni za CH-4 kutoka China, zikawekwa Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Februari 14, 2025, M23 wakaingia Kavumu, na siku mbili baadaye Bukavu.

Kwa hiyo nikisikia habari za kununua ndege nyingine za kivita, swali langu kwa Kinshasa ni hili: nani atafungua injini yake? Kambi ya jeshi la anga ya Kamina, waliyoijenga Wabelgiji, bado ipo. Pesa za ndege moja ya kivita zipelekwe pale, wakafundishwe vijana wetu ufundi wa injini, rada na umeme wa ndege, wafanyie mazoezi kwenye ndege za mizigo, na walipwe mshahara unaofika kila mwezi.