Konda wa Saa Nane Usiku

Kazi yangu ni konda wa daladala, Dar es Salaam. Gongo la Mboto–Kariakoo, kupitia Buguruni. Saa tisa na nusu usiku natakiwa niwe nimeshaamka, saa kumi na robo gari liwe kituoni. Nikichelewa, suka, yaani dereva, anampandisha deiwaka, kibarua wa kushika nafasi yangu, na siku hiyo nyumbani tunashindia uji wa jana. Nasema hivi ili muelewe kwamba kwangu mimi usingizi si starehe. Ni mtaji.

Sasa nimepata binti. Naima, miezi mitatu na wiki moja, kilo sita kasoro kidogo. Mchana ni malaika. Wageni wakija wanamkuta amelala chali, mikono juu kama dereva aliyesimamishwa na trafiki, wanasema, "Jamani, katoto kapole haka!"

Kapole. Njooni saa nane usiku muone upole.

Saa nane kamili, maana huyu hana mambo ya "nakuja". Kwanza anaguna. Halafu anapiga honi fupi, mbili. Halafu anaachia. Upande wa pili wa ukuta kuna mpangaji mwenzangu anayefanya kazi ya ulinzi, usiku akiwa na zamu ya kupumzika anataka apumzike kweli. Anagonga ukuta. Anamgongea nani? Mtoto wa miezi mitatu ataogopa ukuta?

"Baba Naima."

Mimi kimya. Nakoroma kistaarabu.

"Baba Naima, ukiwa umelala kweli hukoromi hivyo."

Naamka. Ameshanyonyeshwa, nepi kavu, nimempapasa paji la uso hana joto. Yaani hana shida yoyote duniani. Kodi halipi, hesabu ya tajiri hapeleki. Lakini anayelia ni yeye, mimi nimenyamaza.

Tulipokwenda kliniki nikamshitakia nesi. Nikamwambia, dada yangu, huyu mtoto mwangalieni, nadhani saa yake imeharibika. Nesi akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Akasema mtoto mchanga anazaliwa hajui mchana wala usiku, mwili unaanza kujifunza polepole, na wengi kwenye miezi miwili mitatu ndiyo kwanza wanaanza kushika. Tumbo lenyewe dogo, linajaa upesi na kumalizika upesi. Na usingizi wao unakwenda kwa vipande vifupi, kama dakika hamsini hivi, kipande kikiisha anaibuka.

"Hata wewe baba unaibuka usiku," akaniambia. "Ila wewe unageuka upande wa pili unalala tena. Mwenzio hajajua kugeuka."

Hapo kidogo nilimwonea Naima huruma. Huruma yenyewe ilidumu mpaka saa nane.

Nesi alitupa na masharti. Akiguna tusimrukie, maana watoto wanaguna wakiwa usingizini. Tusubiri kidogo, pengine atalala tena mwenyewe. Taa kali tusiwashe. Stori na vicheko tusimpe, asije akadhani kumekucha. Tumwekee mkono kifuani. Alazwe chali kila mara, ndani ya neti, bila mito wala mablanketi mazito karibu na uso. Na mimi mwenyewe nikizidiwa na usingizi nisikae naye kwenye kochi, nimrudishe mahali pake, maana kochini mtu unasinzia na mtoto anateleza mahali pasipo na pumzi. Hilo la kochi sikulicheka.

La kusubiri ndilo lilinishinda. Mimi kusubiri sijui, mimi ni mtu wa "twende, twende, gari imejaa". Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nilipofika kumi na moja, ukuta ukagongwa.

Halafu yupo mama mkwe. Shikamoo yake nampa, ila yeye ana jibu moja kwa kila kilio: chango, yaani tumbo linamsokota. Mtoto akilia, chango. Akipiga chafya, chango. Alikuja na kichupa cha maji ya mizizi kutoka kwao Handeni. Nikamwambia kwa adabu, mama, nesi amesema mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji matupu asipewe. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Huyo nesi amezaa wangapi?" Yeye amezaa saba. Nikanyamaza, nikakipandisha kile kichupa juu ya kabati, nyuma ya begi la safari. Kipo hadi leo. Tusikitaje.

Msaada nikaupata garini. Kijana mmoja wa chuo, abiria wangu wa kila siku, aliniona nasinzia nimeshika bomba akanisimulia kwamba mwaka 2022 watafiti wa Japani walitoa matokeo yao: mtoto anayelia mbebe utembee naye dakika tano bila kusimamasimama, akilala kaa naye kimya dakika tano mpaka nane, ndipo umlaze. Ukimlaza mara moja anashtuka. Na kinachomshtua si godoro, ni pale kifua chako kinapoanza kumwachia. Hilo nililielewa palepale. Kuna abiria analala safari nzima, matuta, honi, yote hana habari, ila gari likipunguza mwendo tu anafumbua macho.

Nikajaribu. Lakini Wajapani hawajakiona chumba changu. Hatua nne, kabati. Geuka. Hatua nne, ndoo. Dakika tano za hivyo, kizunguzungu kilinishika mimi. Na nyimbo za kubembeleza sizijui, nililelewa na kaka zangu. Basi mdomo ukaanza wenyewe kuita vituo vya njia yangu, kwa sauti ya chini:

"Mombasa... Ukonga... Banana... Kipawa..."

Mtoto kimya.

"Tazara..."

Macho yakafunga. Daraja la juu la Mfugale lilipozinduliwa mwaka 2018 foleni ya Tazara ilipungua, lakini sikujua kama litanisaidia na mimi nyumbani. Nikakaa naye kitandani nikiendelea na vituo taratibu, Buguruni, Karume, nikamlaza. Akalala mpaka alfajiri.

Tangu siku hiyo ndiyo dawa yetu. Mke wangu alijaribu usiku mmoja, yeye ni mtu wa Tanga, akaita Banana kabla ya Ukonga. Ukuta uligongwa.

Tatizo limehamia kazini. Juzi asubuhi gari limejaa, naita vituo kwa ile sauti ya chini bila kujijua, huku nampigapiga mgongoni mzee mmoja aliyesimama karibu yangu. Tulipofika Buguruni mama mmoja akaamka anafoka.

"Konda! Mimi nashuka Kipawa, mbona hukuita?"

"Nimeita, mama."

"Umeita au umebembeleza?"

Nusu ya gari ilikuwa imelala. Suka akaniambia nikirudia, deiwaka.

Na usiku wa leo ndiyo nimekoma. Nimetembea, nimeita vituo vyote kwa mpangilio, nimefika Karume, nikaingia Kariakoo mwisho wa gari. Nikamwangalia. Macho makavu, ananitazama kama abiria anayesubiri chenji.

Nifanyeje. Nimegeuza gari.

"Karume... Buguruni... Tazara..."