Mwacheni mama ajioshe mwenyewe

Kazi yangu huku ughaibuni ni kuhudumia wagonjwa majumbani mwao, na kitu ninachotamani zaidi kifike nyumbani si mashine. Ni ziara ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mgonjwa aweze tena kujifanyia shughuli zake za kila siku. Mtu akitoka hospitali baada ya kiharusi, mtaalamu huyo humfuata hadi bafuni. Anamtazama akikaa, akiinuka, akivua shati. Anapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ndipo anaamua kimo cha kiti cha choo. Vyuma vya kushikilia hufungwa ukutani kwa skrubu, vikabeba uzito wa mtu mzima. (Chuma cha kuanikia taulo hakibebi mtu, tafadhali.)

Nyumbani sisi tunamwogesha mgonjwa, tunamlisha, tunamvisha, tena haraka, kwa kuwa tunampenda na hatutaki ataabike. Upendo huo siubezi. Huku nimehudumia watu wenye kila kifaa, lakini hawana ndugu wa kuwabishia hodi. Hata hivyo, mama ambaye angeweza kujisafisha akipata kiti cha kuogea, nasi tukashika sponji, tumemvunjia heshima bila kukusudia.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya mwaka 2022 inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, kuanzia miwani hadi kiti cha magurudumu, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Lakini vifaa vingi vya kujihudumia viko ndani ya uwezo wa seremala: kiti imara kilichotobolewa katikati, cha kuweka juu ya choo cha kuchuchumaa, sponji yenye mpini mrefu kwa asiyeweza kuinama, kijiko kilichonenepeshwa mpini kwa vidole visivyokunjika vizuri. Mengine ni maarifa matupu. Mkono dhaifu huingia kwanza kwenye shati, na wakati wa kuvua hutoka mwisho.

Kwa hiyo wenzangu tunaotuma fedha za msaidizi wa kumhudumia mama, tutume na za seremala. Kabla ya hapo tumpigie mama mwenyewe, tumuulize ni kazi gani angependa kuifanya bila kusaidiwa. Tuanze na hiyo, hata ikiwa ni kufunga vifungo vya blauzi, ilhali sisi tulishapanga kumjengea bafu jipya.